Mama wa sambaza na odio ya asubuhi: biashara ndogo iliyobebwa na sauti

Kila asubuhi, saa kumi na mbili, kabla ya watoto kuamka, mama mmoja aliyekimbia kutoka Sake alitoka ndani ya kibanda chake cha shitingi katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma. Alisogea upande wa ziwa, mahali ambapo kelele za foleni ya maji hazifiki, akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akasema:

“Jambo mama zangu. Ni mimi mama wa sambaza wa Sake, sasa niko Bulengo. Sambaza zimefika, zimekauka muzuri, hazina muchanga. Kopo ni franka elfu tatu. Anayetaka anijibu kwa sauti, aseme jina yake na makopo ngapi. Mungu awalinde.”

Kisha alituma. Odio hiyo haikufika nusu dakika. Jua lilipopanda, majibu yalikuwa yameanza kuingia: mama wa Ndosho anataka makopo mawili, mwenye mgahawa mdogo wa Katindo anataka kumi, kijana aliye Kampala anaomba bibi yake aliye katika kambi ya Lushagala apelekewe matatu, feza italetwa na ndugu yake anayekaa Goma.

Watu wengi wakisikia habari ya kufanya biashara kwa sauti na video za mtandaoni, hufikiri ni mambo ya vijana wenye simu za bei kali, taa na kompyuta. Mama huyu hakuwa na vitu hivyo. Alikuwa na sauti ambayo watu waliijua na sambaza ambazo alizisafisha mwenyewe. Mambo aliyojifunza yanaweza kumsaidia mtu yeyote anayeuza kitu kidogo mbali na kwao. Na ilikuwapo siku moja ambapo sauti hiyohiyo ilimletea aibu bila yeye kukosa.

Meza iliyobaki Sake

Sake iko karibu kilomita 25 kutoka Goma. Ni njia panda: barabara moja hupanda kwenda Masisi, nyingine hufuata ziwa kwenda Minova na kuendelea hadi Bukavu. Watu wa milimani walishuka na maharagwe, viazi na jibini. Watu wa kando ya ziwa walileta samaki. Kwa miaka kumi na moja mama huyu alikuwa na meza moja katika soko la Sake. Alinunua sambaza kwa mama mwenzake wa Minova, akaziuza kwa kopo.

Sambaza haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kivu. Ni samaki mdogo aliyeletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mboga ya nyumba nyingi, tajiri na maskini. Wavuvi huzivua usiku kwa taa, asubuhi zinaanikwa, na zikikauka vizuri zinaweza kusafiri mbali bila barafu.

Pale sokoni hakuhitaji tangazo. Mteja alifika, akashika sambaza chache, akazivunja asikie kama zimekauka, akanusa, akabishana kidogo juu ya kopo, akanunua. Aliyekosa feza aliandikwa katika daftari. Biashara nzima ilitegemea mambo hayo: mteja kuona, kushika, kunusa, na muuzaji kujua nani hulipa deni.

Februari 2024 vita vilipokaribia Sake, maelfu ya watu walikimbilia Goma kwa siku chache tu. Mama huyu alibeba mtoto mdogo mgongoni na godoro kichwani. Mume wake, fundi wa kujenga nyumba, alibeba sufuria na nguo. Meza ilibaki. Mizani ilibaki. Daftari la madeni nalo lilibaki, na huo ndio uchungu aliouzungumzia zaidi kuliko nyumba yenyewe.

Simu alikuwa nayo, lakini ilikuwa simu ya kupigia ndugu, na ya kijana wake mkubwa mwenye miaka 14 kutafutia habari za mpira. Hakuwa amewahi kuiona kama chombo cha kazi.

Odio ya kwanza ilikuwa ya kutafuta watu

Haikuanza kama tangazo. Wiki ya tatu pale kambini, chakula kilipopungua, aliwakumbuka watu waliokuwa na madeni yake. Hakujua wako wapi. Alirekodi odio moja, akaituma kwa namba zote alizokuwa nazo, kama arobaini hivi:

“Ni mimi mama wa sambaza wa Sake. Niko muzima, niko Bulengo. Anayekumbuka deni yangu, ninamuomba anisaidie. Asiyekuwa na kitu, anijibu tu nijue kama yuko muzima.”

Watu 17 walijibu. Watatu walilipa deni lote kwa M-Pesa na Airtel Money. Wengine walitoa habari zao: huyu yuko Lushagala, yule amevuka mpaka, mwingine amempoteza mume. Lakini sita kati yao walimaliza odio zao kwa swali moja: “Na sambaza, ziko?”

Swali hilo ndilo lililoanzisha biashara upya. Aliuza vikwembe vyake viwili, akaongeza feza ya yale madeni matatu, akaenda soko la Kituku kando ya ziwa kununua beseni moja. Siku iyo hiyo aliwajibu wale sita.

Kwa nini alichagua sauti badala ya maandishi? Kwanza, wateja wake wengi ni mama ambao hawakusoma sana, au wamesoma lakini macho yamechoka. Pili, mtu yeyote anaweza kuandika “ni mimi mama wa sambaza,” lakini aliyemsikia sokoni miaka kumi anaitambua sauti yake papo hapo. Tatu, ni mega. Nusu dakika ya sauti haimalizi hata mega moja, lakini video ya urefu huo inaweza kula mega kadhaa. Kwa mtu anayenunua mega za siku moja, hiyo ni tofauti kubwa. Na tena, mama anayefua au kupepeta maharagwe ana kazi mikononi na machoni, ila masikio yake yako huru. Redio za jamii zimelijua jambo hilo tangu zamani.

Odio zake za mwanzo zilikuwa mbaya. Zilichukua dakika tatu au nne: salamu, maombi, habari ya mvua, habari ya wagonjwa, ndipo bei. Kijana wake alimwambia, “Mama, watu wanakata mbele haujafika kwa samaki.” Alikasirika. Usiku alisikiliza odio zake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, akacheka. Kuanzia kesho yake akafuata mpango mmoja: ni nani anayeongea, yuko wapi, ana nini, bei gani, na mtu ajibu vipi. Ni mpango ambao mtangazaji yeyote wa redio angeutambua, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Kitu kingine alichobadilisha ni namna ya kuongea. Sokoni alizoea kupaza sauti kwa watu mia. Lakini kwenye simu kila mmoja anasikiliza peke yake, simu ikiwa sikioni. Alianza kuongea kama vile anaongea na mama mmoja aliyeketi karibu naye, na watu wakaanza kusikiliza hadi mwisho.

Kulikuwa pia na mambo ya simu yenyewe. Kitu kinachowekwa kwenye statu ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24, kwa hiyo alikiweka asubuhi, na sambaza zikiisha alikiondoa ili asidanganye watu. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi inaweza kubeba watu 256, lakini ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya mtumaji katika simu yake. Hilo hakulijua. Mwezi mzima alifikiri baadhi ya wateja wamemchoka, kumbe hawakuwa wakipokea kitu. Baadaye, kabla ya kumkabidhi mteja mpya kopo lake la kwanza, alimwambia: “Mama, andika namba yangu mbele yangu, nione.”

Alitumia odio kutoa habari pia, hata siku ambazo hakuwa na kitu cha kuuza. Wavuvi wa sambaza hutegemea giza, maana taa zao ndizo zinazoita samaki. Mwezi ukiangaza sana, samaki hupungua na bei hupanda. Siku chache kabla alituma odio: “Mwezi inakaribia kujaa, anayetaka atume komande leo.” Wateja waliona kwamba hawatafutii feza tu, anawachungia mfuko wao.

Mchanga katika kopo

Mwezi wa tano wa kazi hiyo, mwenye mgahawa wa Katindo alipeleka malalamiko yake katika grupu yenye watu wengi: sambaza zina mchanga, na kopo si lile la Sake. Sokoni neno kama hilo lingeishia mezani. Katika simu lilizunguka mji kabla ya saa sita.

Mama huyu hakujibu kwa odio. Alipanda moto hadi Katindo, akaomba kuona. Ni kweli, mchanga ulikuwamo. Wiki ile alinunua kwa mtu mwingine aliyeanika samaki chini badala ya kuanika juu ya nyavu zilizoinuliwa. Alirudisha makopo kumi mengine bila kudai kitu, akaomba msamaha mbele ya wapishi. Aliporudi nyumbani ndipo alipofikiria video.

Video yake ya kwanza ilikuwa ya dakika moja kasoro, bila muziki, bila kukatwa. Alitandika kitambaa cheupe chini, akaweka chekecheo juu yake, akamimina sambaza na kuzitikisa. Mchanga wa Goma ni mweusi, umetokana na volkano. Ukidondoka juu ya kitambaa cheupe hauna pa kujificha. Hakuna kilichodondoka. Kisha akaweka kopo tupu kwenye mizani aliyoazima, akalijaza, akaonyesha namba. Kopo lilikuwa limefungwa uzi mwekundu, na kila video iliyofuata ilionyesha kopo lilelile. Alisema maneno machache tu. Samaki, kitambaa na mizani vilitosha.

Kijana wake ndiye aliyeshika simu. Walijifunza kwa kukosea: jua likiwa nyuma ya anayeonyeshwa, anageuka kivuli, kwa hiyo aliyeshika simu ndiye aliyesimama na jua mgongoni. Upepo wa ziwa ukiingia katika simu, sauti inaharibika, kwa hiyo walirekodi nyuma ya ukuta wa choo kipya ambacho kilikuwa bado hakijafunguliwa. Betri iliposhuka, alilipa kibandani kwa kijana mwenye paneli ya jua, na gharama hiyo aliiandika pamoja na moto na mega, maana mtu asiyeandika gharama za simu hudanganyika kwamba amepata faida.

Hakutuma video kwa kila mtu. Wateja wa zamani waliendelea kupata odio, ili wasimalize mega zao. Video ilikwenda kwa mteja mpya, au kwa yule aliyeiomba. Baada ya miezi minne hivi, beseni moja ya wiki iligeuka kuwa magunia mawili, na msichana jirani akapata kazi ya kuchekecha kwa malipo ya kila jioni.

Lakini video ilileta jambo lingine. Siku moja jirani alimjia kwa hasira. Katika video iliyokuwa kwenye statu, nyuma ya beseni, alionekana yeye na watoto wake wakipika. “Mimi nilikimbia watu ninaowajua,” alisema. “Sitaki wajue niko wapi.” Mama wa sambaza alifuta video hapohapo na kuomba msamaha. Lakini hakuweza kujua ni nani aliyekwisha kuiona au kuihifadhi. Kuanzia siku hiyo video zake zilionyesha mikono, chekecheo, kopo na mizani, na nyuma yake shitingi tu. Sura ya mtu haikuingia bila ruhusa yake, hata ya mteja anayesifu. Kwa watu waliokimbia vita, kuonyesha mahali wanapolala si jambo dogo.

Kununua bila kuvuka ziwa

Vita vilipokata barabara ya Sake kwenda Minova, njia iliyobaki kwa wauzaji wengi ilikuwa ziwa. Boti zilitoka Minova zikiwa na watu, mihogo, ndizi, mbuzi na samaki, zikafika Kituku. Mama huyu alivuka mara mbili kwenda kuchagua sambaza mwenyewe, kama alivyozoea. Mara zote mbili boti ilijaa kupita kiasi, naye alisafiri akiwa ameshika ukingo kwa mikono miwili.

Baada ya safari ya pili alimwomba mama mwenzake wa Minova afanye alichokuwa akifanya yeye kwa wateja: apige video. Nyavu za kuanikia, samaki wakigeuzwa, kitambaa cheupe, kopo. Yule wa Minova alicheka mwanzoni: “Dada, miaka yote hii leo hauniamini?” Alimjibu: “Nakuamini wewe. Ni boti ndio siiamini.” Tangu hapo alinunua kwa kutazama video, akakubaliana bei kwa odio, akalipa kwa simu, na gunia likavuka bila yeye.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiwa kwenye ukingo wanaona. Makumi ya watu walikufa. Hakuna anayeweza kusema video ilimwokoa mama huyu. Hakuwa amepanga safari siku hiyo. Lakini waliokuwa ndani wengi walikuwa watu kama yeye, wanaovuka ili kununua na kuuza, na alimjua zaidi ya mmoja.

Yeye na mwenzake wa Minova walifanya patano: mzigo wao hautapakiwa katika boti ambayo imekwisha kujaa, hata kama sambaza zitachelewa siku tatu. Wateja walisikia odio: “Samaki hazijafika. Sitaki gunia langu likae pahali pa mutu.” Hakuna aliyelalamika wiki ile.

“Sauti ni yangu”

Mwishoni mwa mwaka huo mama mmoja alifika Bulengo kwa miguu kutoka Lushagala, akiwa na mfuko mtupu. Alikuja kuchukua makopo kumi. Alikuwa amelipa franka 30.000 siku mbili zilizopita, feza aliyoazima kwa wenzake wa kikundi cha kuwekeza ili aanze kuuza rejareja.

Mama wa sambaza hakuwa amepokea kitu. Walipofungua simu ya mgeni, waliona mambo yalivyokuwa. Mtu fulani alikuwa amechukua odio ya mama wa sambaza, akaisambaza katika grupu nyingine, na chini yake akaandika namba nyingine: tuma feza hapa. Odio ilikuwa ya kweli. Sauti ilikuwa ya kweli. Namba peke yake ndiyo ilikuwa ya mwizi. Simu huonyesha alama juu ya ujumbe uliosambazwa kutoka kwa mwingine, lakini mgeni hakujua maana ya alama hiyo, na katika odio hakukuwa na namba yoyote ya kulinganisha. Walipiga ile namba ya mwizi. Haikupatikana.

Majirani walikusanyika. Wengine walimwonea huruma mgeni, wengine walimwambia aende akashtaki. Mume wa mama wa sambaza alisema lililo wazi: “Si wewe uliyemwibia.”

“Ninajua,” alijibu. “Lakini sauti ni yangu.”

Alimpa makopo matano palepale, na akamwahidi matano mengine baada ya wiki mbili. Faida yote ya mwezi ule iliishia hapo. Mume wake hakusema neno hadi usiku, na usiku waligombana. Alikuwa na haki ya kugombana; watoto walikuwa wanne na unga ulikuwa umepungua. Hakuna sheria inayomlazimisha muuzaji kulipa wizi wa mtu mwingine, na si kila mtu ana uwezo wa kufanya alivyofanya. Hesabu yake ilikuwa hii: meza aliipoteza, daftari alilipoteza, na kitu pekee alichotoka nacho Sake ni kwamba watu wakisikia sauti yake hawana wasiwasi. Kama mama wa Lushagala angerudi kwa wenzake na mfuko mtupu, kikundi kizima kingesema: tulisikia kwa masikio yetu, alikuwa ni yeye.

Baada ya hapo alibadilisha odio yake. Sasa ilikuwa na siku na tarehe, ili odio ya zamani isitumiwe kama mpya. Namba yake aliitaja polepole, mara mbili, ndani ya sauti yenyewe, ili mtu akiibadilisha chini kwa maandishi, msikilizaji asikie tofauti. Na kila mara alimaliza hivi: “Usitume feza mbele haujaongea na mimi kwa simu. Nikisikia jina yako, na wewe ukanisikia, ndipo tutafanya kazi.” Mteja mpya alilipa nusu baada ya kuongea naye, na nusu nyingine sambaza zilipofika. Wa zamani walilipa wakipokea.

Yule mama wa Lushagala alipata makopo yake matano yaliyobaki siku waliyopatana. Wiki iliyofuata alituma komande ya kumi, akalipa mwenyewe, na akawa ndiye muuzaji wa sambaza hizo katika kambi yake.

Simu iliponyamaza

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma. Kwa siku kadhaa umeme na maji vilikatika, na mtandao ukapotea. Odio ya asubuhi haikwenda popote. Hapo kila mmoja aliona udhaifu wa biashara ya namna hii: unaweza kuwa na wateja mia na themanini ndani ya simu, na usiweze kumfikia hata aliye upande wa pili wa barabara.

Mtandao uliporudi, odio yake ya kwanza haikuwa na bei. Ilikuwa kama ile ya mwanzo kabisa: niko muzima, ninyi je? Majibu yalichukua siku tatu kukamilika, na mengine hayakuja.

Benki zilikuwa zimefungwa na noti zikawa adimu. Feza ya simu ilikuwepo, lakini kuitoa kulikuwa kazi, na baadhi ya wakala waliongeza makato yao. Alipunguza kutoa. Feza iliyoingia kwa simu aliituma hivyohivyo Minova, na ile ya mkononi aliiweka kwa chakula na moto. Aliwaambia wateja wazi katika odio ni siku gani anahitaji noti na siku gani simu inatosha.

Februari kambi za pembeni mwa Goma zilivunjwa. Watu walikunja shitingi zao kwa haraka, wakachukua njia za kurudi, wengine wakijua nyumba iko, wengine wakijua haiko. Mama wa sambaza alirudi Sake. Mlango wa nyumba ulikuwa umechukuliwa, na mahali pa meza yake sokoni palikuwa na majani.

Zamani, mtu akihama, meza ilimpoteza mteja huyo. Safari hii wateja walitawanyika: wengine Masisi, wengine Bukavu, wengine walibaki Goma, wengine wako kambi ya Nakivale kule Uganda. Lakini bado walimsikia. Wale wa Nakivale hawawezi kupokea sambaza zake, ila hutuma komande kwa ajili ya mama na shangazi waliobaki Kivu. Namba zote alikuwa amezinakili katika madaftari mawili; moja anatembea nalo, jingine liko kwa dada yake Himbi. Daftari alilolipoteza mara ya kwanza lilimfundisha, na simu nayo inaweza kuibiwa au kuzama majini.

Sasa mama wengine wa Sake humfuata awaonyeshe: anayeuza sabuni, anayeshona, mmoja anayetengeneza mandazi. Wengi huanza kwa kuuliza simu gani ni nzuri, na ni maneno gani ya kusema ili watu wanunue. Yeye huwauliza kwanza kuhusu kitu chenyewe. Mandazi yanaiva ndani? Sabuni inatoa povu? Kopo linajaa? Mtu akishindwa kujibu, humwambia arudi nyumbani kwanza akatengeneze hilo, maana video itaonyesha na odio itasambaza, liwe zuri au baya. Kopo kwanza, simu baadaye.

Kisha huwapa kazi ya kurekodi nusu dakika: jina, mahali, tarehe, kitu, bei, namba mara mbili. Huwasikiliza mmoja mmoja. Anayezidisha maombi na salamu humkata kama kijana wake alivyomkata yeye.

Asubuhi saa kumi na mbili bado anatoka nje, sasa mbele ya nyumba yake isiyo na mlango wa mbao bali shitingi ileile ya Bulengo iliyopigiliwa misumari. “Jambo mama zangu. Ni mimi mama wa sambaza wa Sake, na niko Sake.” Anataja tarehe, bei, namba yake mara mbili. Anatuma, anaweka simu juu ya beseni, na anaanza kuchekecha. Mara nyingi wa kwanza kujibu ni yule mama aliyekuwa Lushagala, ambaye naye amerudi kwao Masisi: “Dada, niandikie kumi. Nitakupigia ili unisikie.”